Okestra ya Kichina ughaibuni: tunatazama jukwaa, tunasahau sauti za kati

Desemba 2024, UNESCO ikiwa kikaoni Asunción nchini Paraguay iliingiza Sikukuu ya Mwaka Mpya wa Wachina kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Tangu hapo, kila ifikapo Januari na Februari, video za okestra za Kichina zilizoanzishwa na wahamiaji wa Toronto, New York au San Francisco huzunguka mitandaoni, na chini yake huzuka mjadala uleule. Kundi la kwanza linasema: tazameni watu walivyobeba utamaduni wa maelfu ya miaka hadi ugenini bila kuupunguza. La pili linasema huo ni mkono wa serikali ya Beijing uliovishwa hariri. La tatu, ambalo mara nyingi ni la watu wanaoujua muziki, linasema hata huo utamaduni wenyewe si wa Kichina hasa, ni okestra ya Kizungu iliyobadilishiwa ala.

Makundi yote matatu yamekaa kwenye kiti cha mtazamaji usiku wa sherehe, na kutoka kiti hicho okestra ya jamii haionekani. Inaonekana vizuri jioni ya mazoezi, kwenye ukumbi wa kanisa au wa shule uliokodiwa kwa saa mbili au tatu, watu 40 wakijaribu kupata sauti moja kabla mlinzi hajaja kufunga mlango. Hoja ya makala haya ni kwamba uhai wa okestra hizi unategemea jambo ambalo wafadhili na wachambuzi hawaligusi kabisa: je, kuna watu wa kutosha wa kushika sauti za kati na za chini, na je, ala zao zinatunzwa? Okestra isiyo na sauti ya kati hufa hata ikiwa na sare mpya na barua ya pongezi kutoka kwa meya.

Historia yake ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. Ala zenyewe ni za kale, lakini kuzikalisha watu 40 au 80 mbele ya mwongozaji mmoja, kila kundi na karatasi yake ya nota, ni jambo la karne ya 20. Mwaka 1920 Zheng Jinwen alianzisha Chama cha Muziki cha Datong mjini Shanghai. Mwaka 1925 chama hicho kilichukua kipande cha kale cha pipa (ala ya kudonoa yenye nyuzi nne) ya peke yake na kukipanga kwa kundi la ala nyingi. Kipande hicho, Chunjiang Huayue Ye, hadi leo hupigwa na karibu kila okestra ya Kichina duniani, na wasikilizaji wengi huamini kimepigwa hivyo tangu enzi za wafalme. Mwaka 1935 kituo cha redio cha Nanjing kikaunda okestra ya kulipwa, na mwaka 1953 redio ya Beijing ikaunda yake, ambayo chini ya Peng Xiuwen ndiyo iliyotoa mpangilio unaofuatwa na wengi sasa: ala za kupigwa kwa upinde, za kudonoa nyuzi, za kupuliza na ngoma, kila familia ikiwa na sauti ya juu, ya kati na ya chini.

Kundi la pili, linaloona propaganda kila penye ngoma nyekundu, ndilo lenye hoja dhaifu zaidi, na udhaifu wake uko kwenye tarehe. Kikundi cha muziki wa Kichina cha New York, Chinese Music Ensemble of New York, kilianzishwa mwaka 1961. Chinese Music Society of North America ya eneo la Chicago ilianzishwa 1969. Rais Nixon wa Marekani alikanyaga Beijing mwaka 1972, na Marekani ikaitambua serikali hiyo rasmi Januari 1979. Taasisi za Confucius, vituo vya lugha na utamaduni vya serikali ya China vinavyotajwa kila mara kwenye mjadala huu, zilianza mwaka 2004. Mtu anayesema okestra hizi ni matunda ya sera ya Beijing inabidi aeleze matunda yalivyotangulia mti. Hata kabla ya okestra, Wakantoni wa kusini mwa China waliokwenda Amerika ya Kaskazini kujenga reli na kufua nguo walikuwa na vyama vyao vya opera na muziki, na vyama hivyo viliishi ndani ya miaka ambayo sheria za Marekani (1882 hadi 1943) na Kanada (1923 hadi 1947) ziliwafungia Wachina mlango. Hakuna serikali iliyowatuma kupiga. Walipiga kwa sababu jioni za wanaume waliotenganishwa na wake zao zilikuwa ndefu.

Yapo ya kukubali. Tangu 2009 Beijing imekuwa ikituma vikundi kuzunguka miji yenye Wachina wengi wakati wa mwaka mpya, na ubalozi mdogo ukitoa mchango wa ukumbi, kikundi cha kujitolea hupokea, kama vile kikundi chochote cha kwaya kinavyopokea mchango wa mbunge. Upande mwingine wa siasa nao upo: Shen Yun, kundi la densi na muziki lililoanzishwa New York mwaka 2006 na wafuasi wa Falun Gong, harakati ya kiroho inayopingana na Beijing, huzunguka dunia na okestra inayochanganya ala za Kichina na za Kizungu, na watazamaji wengi hudhani kila okestra ya Kichina ni tawi lake. Okestra ya mtaa inabanwa katikati ya tuhuma mbili zinazopingana. Lakini ushahidi mzuri zaidi umo kwenye majina. Hong Kong muziki huu huitwa zhongyue, Taiwan guoyue, Singapore na Malaysia huayue, China bara minyue. Kila jina lina historia yake na siasa yake. Kwenye chumba cha mazoezi cha Toronto majina yote manne husikika kwenye meza moja ya chai, kati ya watu ambao wakianza kujadili uchaguzi wa Taipei hawatamaliza, na wote wanafungua ukurasa uleule wa nota. Sijui chombo cha propaganda kinachoendeshwa hivyo.

Kundi la tatu linastahili jibu refu zaidi, kwa sababu limeshika jambo la kweli. Muziki wa nyumba za chai za Shanghai, ule unaoitwa jiangnan sizhu, au wa Chaozhou na Guangdong kusini mwa China, haukuwa na sauti nne zilizoandikwa. Kila mpigaji anashika wimbo uleule na kuupamba kwa namna ya ala yake: filimbi inaongeza mitetemo ya haraka, erhu, zeze la nyuzi mbili, inateleza kati ya sauti mbili, pipa inajaza nafasi kwa midonoo. Wimbo mmoja, miili mingi. Anayesikiliza taarab ya Unguja analielewa hili bila kuelezwa, maana kanuni, udi na fidla hufanya hivyohivyo. Ukiandika sehemu ya kila mtu na kuwataka erhu 8 wateleze mahali pamoja kwa kasi moja, unapoteza ule uhuru. Chaozhou wana hata sauti zinazokaa kati ya funguo za piano, na freti za kisasa za pipa (vipande vya kubania nyuzi), 6 za juu na 24 za chini zilizopangwa kwa nusu toni sawa, haziwezi kuzitoa bila kuvuta uzi pembeni. Hasara hiyo ni halisi, na okestra inayojiheshimu hutenga sehemu ya programu yake kwa kikundi cha watu 5 au 6 wanaopiga kwa mtindo wa zamani bila mwongozaji.

Ila kutoka hapo kufika kusema kwamba okestra hii si ya Kichina ni kuruka mto bila daraja. Erhu yenyewe ilipanda jukwaani kwa heshima baada ya Liu Tianhua, aliyefariki 1932, kuitungia vipande 10 vya peke yake na mazoezi 47 kwa kuchota kutoka kwenye fidla. Gaohu, erhu ya sauti ya juu isiyokosekana katika muziki wa Kikantoni, iliundwa Shanghai miaka ya 1920 na Lü Wencheng kwa kuweka uzi wa chuma na kuibana ala kwa magoti. Suona, zumari la harusi na mazishi ya vijijini ambalo kila Mchina huliona la kwao, jina lake ni lile surnay la Kiajemi, na ndugu yake ni nzumari linalopulizwa pwani ya Kenya. Yangqin, ala ya nyuzi nyingi zinazogongwa kwa vijiti, nayo ilitoka ng'ambo ya bahari. Zanzibar nako ni hivyohivyo: Sultani Barghash alimtuma mtu Cairo kujifunza kanuni, kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kikaundwa 1905, na katikati ya karne ya 20 vikundi vikajaza safu za fidla, chelo na akodiani kwa mfano wa okestra za Misri. Nani leo atasimama mtaani Ng'ambo, Unguja, aseme taarab si ya Waswahili kwa sababu fidla imetoka Ulaya na mpangilio umetoka Cairo?

Tuingie sasa chumba cha mazoezi. Okestra ya watu 40 inayosikika vizuri hugawika takriban hivi: gaohu 3, erhu 8, zhonghu (erhu kubwa ya sauti ya kati) 4, chelo 3 na besi kubwa ya kusimama 1. Upande wa kudonoa, liuqin (kama pipa ndogo ya sauti ya juu) 1, pipa 3, zhongruan (kama gitaa la duara, la sauti ya kati) 4, daruan (ndugu yake wa sauti ya chini) 1, yangqin 1 na guzheng (ala ndefu ya kulazwa) 1. Wapulizaji ni filimbi za dizi 3, sheng (fungu la mianzi yenye ndimi, linalopulizwa kwa pamoja) 2 na suona 1, halafu watu 4 wa ngoma, upatu na matuazi. Tatizo ni kwamba watu hawaji kwa hesabu hiyo. Mzazi wa Markham karibu na Toronto au Flushing ya New York anayetaka mtoto aijue asili yake humnunulia guzheng, kwa sababu ina nyuzi 21 zilizotuniwa sauti tano tu kwa oktava, na mtoto akipitisha vidole hata siku ya kwanza hutoka kitu kizuri. Wa pili humpeleka erhu, wa tatu pipa. Mfumo wa mitihani ya madaraja nao hupima mpigaji wa peke yake. Matokeo yake, siku ya kuandikisha wanachama wanakuja wapigaji guzheng 8 wanaogombea kiti kimoja, erhu 14, na wa zhonghu hayupo hata mmoja.

Madhara yake husikika mara moja. Erhu ina nyuzi mbili, D ya juu ya C ya katikati ya piano na A iliyo hatua tano juu yake. Gaohu iko juu zaidi, liuqin iko juu, dizi iko juu, suona hufunika ukumbi. Okestra ya Kichina kwa maumbile yake ni nyumba yenye paa kubwa. Ukiondoa zhonghu, zhongruan na sheng, ambazo ndizo nguzo, sauti inakuwa kama mabati kwenye mvua: wimbo unasikika, besi inanguruma mbali chini, na katikati hakuna kitu cha kuzishikanisha. Viongozi wasio na uzoefu hudhani tatizo ni sauti ndogo na kuongeza maikrofoni. Maikrofoni huongeza paa.

Dawa ni kuhamisha watu, na kuhamisha kuna mbinu. Mpigaji wa liuqin anaweza kushika zhongruan haraka kuliko wote, maana nyuzi zimetuniwa G, D, G, D vilevile, oktava moja chini. Anachojifunza ni kutanua vidole na kupunguza kasi ya kidonoo. Mpigaji wa pipa ana kazi zaidi: amezoea kucha tano za bandia zilizofungwa vidoleni kwa plasta, na pipa yake imetuniwa A, D, E, A, hivyo ramani ya vidole ni ngeni. Mpigaji wa guzheng huwa afadhali apelekwe yangqin au kwenye ngoma. Safari iliyonyooka zaidi machoni, na yenye mtego, ni ya kutoka erhu kwenda zhonghu. Upinde ni uleule unaopita kati ya nyuzi mbili, mkao ni uleule, ila zhonghu imetuniwa G na D, hatua tano chini. Kijana aliyezoea kwamba uzi mtupu wa ndani ni D akifumba macho na kufuata vidole, kila anachopiga kinatoka kimeshuka hatua tano, na kwa kuwa wimbo wenyewe unamtokea sawasawa, haoni kosa mpaka wenzake wageuke. Nafasi kati ya vidole ni pana zaidi, na upinde unahitaji uzito na mwendo wa taratibu, la sivyo ngozi kubwa hukoroma badala ya kuimba. Miezi miwili au mitatu ya mazoezi ya kila wiki humtosha aliye makini. Kinachomkwamisha hasa ni fahari: kwa wengi kuhamishiwa zhonghu huonekana kushushwa cheo, na kiongozi asipolizungumza hilo wazi na wazazi, mtoto huacha kuja.

Huko chini kabisa kuna mgogoro wa miaka 70. Miaka ya 1950 Yang Yusen alibuni gehu, ala ya nyuzi nne C, G, D, A kama chelo lakini yenye ngozi, ili familia ya erhu ipate besi yake. Okestra ya Kichina ya Hong Kong, iliyoanzishwa 1977, imeshikilia wazo hilo kwa bidii. Okestra nyingi za jamii hutumia chelo na besi za Kizungu, na nadhani ziko sahihi. Ngozi pana ya gehu huyumba na hali ya hewa kuliko ya erhu, fundi wake hapatikani mjini, na ikipasuka wiki moja kabla ya onyesho hakuna pa kuazima. Chelo zipo katika shule nyingi za sekondari Amerika ya Kaskazini, na wapigaji wake wapo. Vijana wasio Wachina huingia okestra hizi kwa mlango huohuo, na wengi wao, wakishakaa mwaka mmoja nyuma ya zhonghu, huomba kufundishwa ala nyingine.

Ala zenyewe zinahitaji uangalizi ambao bajeti za sherehe hazijui. Erhu ni zeze la kisanduku chenye pembe sita kilichowambwa ngozi ya chatu. Toronto wakati wa baridi, hewa ya ndani ya nyumba zenye joto la mashine hukauka mno. Ngozi hukaza, sauti huwa nyembamba na kali, na maungio ya kisanduku hufunguka. Wakati wa joto na unyevu ngozi hulegea na sauti huzama. Unyevu wa asilimia 40 hadi 60 ndio salama, kwa hiyo ala hukaa kwenye sanduku lake lenye kitia unyevu, mbali na bomba la joto, na ikimaliza kupigwa huingizwa kijiti, hata kipande cha penseli, chini ya nyuzi kwenye ukingo wa kisanduku ili mkazo ukae kwenye mbao badala ya ngozi. Chini ya daraja, kile kijiti cha kudumu kinachobeba nyuzi juu ya ngozi, huwekwa kipande kidogo cha sufu. Kikiwa kinene mno sauti hukabwa, kikiwa chembamba mno kuna sauti moja itakayolia kama mbwa.

Halafu kuna qianjin, kitanzi cha uzi kinachofunga nyuzi kwenye shingo na kuamua urefu wake unaotoa sauti. Kipimo cha zamani ni mkono wa mpigaji mwenyewe, kiwiko kikikaa kwenye kisanduku na kitanzi kikifuata kidole kidogo. Kwa mtu mmoja kipimo hiki ni cha busara. Kwa safu ya watu 8 wenye umri wa miaka 11 hadi 70, ni chanzo cha fujo: kila mtu ana urefu wake wa uzi, ala haina ubao wa kushikia vidole wala freti, na mwalimu akisema sogeza kidole kidogo juu, kidogo hicho ni tofauti kwa kila mmoja. Kiongozi mzuri wa safu hupita na rula kabla ya mazoezi, akawalinganisha watu wazima kwa kipimo kimoja na watoto kwa kingine. Dakika 5 za rula huokoa nusu saa ya kelele.

Kutuni nako kuna utaratibu wake. Katika vikundi vingi sauti hutolewa na sheng, kwa sababu ndimi zake za shaba, zilizorekebishwa kwa tone la nta, hazibadiliki pale pale. Wengine wote humfuata asiyeweza kuhama. Sheng nyingi hutoka kiwandani zikiwa A ya mitetemo 442 kwa sekunde, na piano ya ukumbi ni 440. Tofauti hiyo ni takriban asilimia 8 ya nusu toni, ndogo sikioni ikiwa peke yake, kubwa wanapodumu pamoja kwenye sauti ndefu. Anayepanga kipande chenye piano na sheng alijue hilo mapema. Na sheng iliyotoka kwenye gari lenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri isipulizwe mara moja: mvuke wa pumzi hugeuka maji kwenye ndimi, zinanata, na sauti mbili tatu hunyamaza. Iachwe chumbani kama dakika 20, au itumie kipasha joto cha umeme ambacho sheng kubwa za kisasa huwa nacho. Mpigaji wa dizi naye hubeba filimbi kadhaa za funguo mbalimbali, na utando mwembamba wa ndani ya tete unaobandikwa juu ya tundu maalumu. Utando ukikazwa sana sauti hufifia, ukilegea hukwaruza na sauti za juu hazitoki; unatakiwa uwe na mikunjo midogo iliyo sawa. Gundi ya jadi ni ejiao, ya ngozi ya punda, ileile ambayo mahitaji yake kama dawa yaliwamaliza punda wa wakulima wengi wa Afrika hadi wakuu wa Umoja wa Afrika wakapiga marufuku biashara hiyo Februari 2024. Kipande kimoja cha gundi cha mpigaji filimbi hudumu miaka, hivyo si yeye aliyewamaliza punda, lakini maji ya kitunguu saumu hubandika vilevile, na sioni sababu ya kuendelea na gundi hiyo.

Ngozi ya chatu inaleta swali gumu zaidi. China inataka tangu Januari 2005 kila erhu iwe na cheti kwamba chatu alifugwa, na msafiri huruhusiwa kutoka na erhu zisizozidi mbili. Okestra ya Toronto inayoalikwa kupiga ng'ambo ya mpaka ikiwa na ala 15 za ngozi inaingia kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mkutano wa CITES wa Bangkok mwaka 2013 ulipitisha cheti cha ala ya muziki kinachodumu hadi miaka mitatu, lakini huombwa ala kwa ala na mwenye ala, na wengi hugundua hivyo wiki mbili kabla ya safari. Okestra ya Hong Kong ilionyesha njia: fundi wake Yuen Shi-chun alibuni familia ya erhu zenye utando wa plastiki ya PET badala ya ngozi, na tangu 2009 safu nzima inapiga hizo. Wapo wanaosema sauti yake haina nyama. Kwa mpigaji wa peke yake wanaweza kuwa na haki. Kwa okestra ya jamii katika mji wenye majira ya baridi, ala isiyokaza wala kulegea, inayovuka mpaka bila karatasi, ina faida kubwa kuliko kasoro hiyo. Kuhusu mbao, wasomaji wa Kilwa na Lindi watapenda kujua kwamba baadhi ya erhu na pipa nzuri siku hizi huchongwa kwa mpingo, ambao Wachina huuita ziguangtan. Jamii yote ya miti hiyo iliwekewa vibali mwaka 2017, na ala zilizokamilika zikasamehewa mwishoni mwa 2019.

Limebaki la nota, na hapa ndipo vizazi hugongana. Wazee husoma jianpu, nota za tarakimu 1 hadi 7 zenye vitone juu na chini kuonyesha oktava, ambapo 1 inaweza kuwa D leo na G kesho. Watoto waliokulia shule za Kanada husoma mistari mitano. Mwanakwaya wa Tanzania au Kenya aliyelelewa kwa d r m f s l t atawaelewa wazee haraka sana, maana mantiki ni ileile: sauti hupimwa kwa uhusiano wake na nyumbani, si kwa jina lake la kudumu. Kulazimisha upande mmoja ni kosa ambalo okestra nyingi zimelilipia kwa kupoteza watu. Mwongozaji akisema baa (fungu la mapigo) ya 32, sauti ya 6, mtoto anatafuta A na mzee anatafuta B, kwa sababu kipande kiko kwenye D. Dawa ya uhakika ni kazi: kila sehemu ichapwe kwa nota zote mbili, namba za baa zilingane, na mwongozaji ajizoeze kusema jina la sauti na kidole. Programu za kompyuta zinazobadilisha moja kuwa nyingine zipo, lakini huharibu alama za mteremko na mtetemo ambazo ndizo roho ya erhu, hivyo lazima mtu apitie ukurasa kwa ukurasa.

Ukiyaweka haya pamoja, swali la nani anafadhili sherehe linapungua uzito, na la nini kinafadhiliwa linapanda. Ruzuku za manispaa na za vyama vya wahamiaji hupenda kitu chenye picha: sare, joka, mgeni mashuhuri kutoka Shanghai apige kipande cha peke yake. Mgeni huyo akiondoka, okestra inabaki na mashimo yaleyale. Fedha hizohizo zinunue zhonghu 4 na zhongruan 4 zenye kumilikiwa na okestra na kuazimwa bure kwa atakayekubali kuhama, maana mzazi aliyekwisha kununua guzheng hanunui ala ya pili. Zimlipe mpangaji nota mmoja kwa mwaka, awape zhongruan na yangqin sauti za sheng mahali ambapo wapiga sheng hawapo, aache kulazimisha watu 25 wapige kitabu kilichoandikiwa okestra ya kulipwa yenye watu 80. Zimlete fundi siku moja kabla ya baridi na siku moja baada yake. Hayo hayapigwi picha, na ndiyo yanayoweza kuifanya okestra kama ya Toronto, iliyoanzishwa 1993, iendelee kupata kizazi kipya.

Anayetaka kujua kama kikundi cha mji wake kina afya asiangalie jukwaa lote. Kwa mpangilio wa kawaida erhu hukaa kushoto kwa mtazamaji, na zhonghu hukaa karibu na chelo upande wa kulia. Kaa upande huo. Zihesabu zhonghu, tazama waliozishika wana umri gani, na kwenye kipande cha taratibu, suona ikiwa imenyamaza na dizi ikivuta pumzi, sikiliza kama kuna kitu kinachoendelea kushikilia chini yake.